Siad Barre: Jenerali aliyetaka kufuta mpaka, akaishia kuuvuka akitafuta hifadhi

MWISHONI mwa Aprili 1992, msafara wa watu waliokuwa wakikimbia vita uliingia Kenya kutoka kusini magharibi mwa Somalia. Miongoni mwao alikuwemo mzee wa zaidi ya miaka 70 ambaye, hadi mwaka uliotangulia, alikuwa rais wa nchi hiyo.

Mzee huyo alikuwa Meja Jenerali Mohamed Siad Barre. Mpaka aliouvuka akitafuta hifadhi ulikuwa ule ule ambao serikali za Somalia, yake ikiwemo, zilikuwa zimeukana kwa takriban miongo miwili.

Maisha ya kiongozi huyo hayawezi kusimuliwa bila kutaja mipaka. Inaaminika kuwa alizaliwa upande mmoja wa mpaka na kujisajili kuwa mzaliwa wa upande wa pili. Alipopata mamlaka alituma jeshi liufute, na mwishowe mpaka huo ukawa mlango ambao maadui zake waliupitia kumng'oa.

Yatima wa malishoni

Rekodi rasmi zilionyesha kuwa Siad Barre alizaliwa mwaka 1919 katika mji wa Garbaharey, eneo la Gedo. Hata hivyo, wengi wameamini kuwa alizaliwa karibu na Shilavo katika nyanda za Ogaden, ambazo ziko Ethiopia.

Sababu ya tofauti hiyo ilikuwa ajira. Kujiunga na polisi wa mkoloni Mwitaliano kulihitaji mtu awe mzaliwa wa koloni hilo, ndiposa kijana huyo akajiandikisha kuwa wa Garbaharey.

Alizaliwa katika jamii ya wafugaji wa kuhamahama. Baba yake alikuwa wa ukoo wa Marehan na mama yake wa ukoo wa Ogaden. Wazazi wake walifariki angali mtoto, naye akapata elimu ya msingi mjini Luuq kabla ya kuelekea Mogadishu.

Uingereza ilipowashinda Waitaliano mwaka 1941 na kuanza kutawala eneo hilo kijeshi, Siad Barre alibaki katika idara ya polisi. Miongoni mwa mafunzo aliyopata wakati huo ni yale ya Kabete, viungani mwa Nairobi.

Italia iliporejea mwaka 1950 kusimamia nchi hiyo kwa niaba ya Umoja wa Mataifa kwa muda wa miaka 10, alipelekwa Italia kusomea kazi ya uafisa. Somalia ilipojipatia uhuru mwaka 1960, aliteuliwa naibu kamanda wa jeshi jipya la taifa.

Nyota ya pembe tano

Uhuru huo ulikuja kwa awamu mbili. Eneo la kaskazini lililotawaliwa na Uingereza lilikuwa huru Juni 26, 1960. Siku tano baadaye, Julai 1, liliungana na eneo la kusini lililosimamiwa na Italia, na Jamhuri ya Somalia ikazaliwa.

Bendera ya taifa hilo ilikuwa na nyota nyeupe yenye pembe tano. Pembe mbili ziliwakilisha maeneo yaliyoungana. Tatu zilizosalia ziliwakilisha Wasomali waliobaki nje: wale wa Djibouti chini ya Ufaransa, wale wa Ogaden nchini Ethiopia, na wale wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, maarufu NFD, nchini Kenya.

Kwa hivyo, Somalia ilianza maisha yake ikiwa na dai la ardhi dhidi ya majirani wake wote.

Dai hilo halikutoka hewani. Mwaka 1897 Uingereza ilitia saini mkataba na Mfalme Menelik wa Ethiopia uliochora mstari katikati ya malisho ya Haud. Koo nyingi zilikuwa na visima upande mmoja wa mstari huo na nyasi za msimu wa mvua upande wa pili. Wafugaji hawakuulizwa lolote.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, maafisa wa Uingereza waliendelea kusimamia sehemu ya malisho hayo. Mwaka 1954 walikubali kuirejesha mikononi mwa Ethiopia, hatua iliyozua ghadhabu kubwa miongoni mwa Wasomali.

Kwa upande wa Kenya, tume ya Uingereza iliyozuru NFD mwaka 1962 ilipata kuwa Wasomali wengi wa huko walitaka kujiunga na Somalia. London haikutekeleza matakwa hayo. Machi 1963, Mogadishu ilikata uhusiano wa kibalozi na Uingereza, na kabla ya mwaka huo kwisha vita vya shifta vikawa vimezuka kaskazini mwa Kenya.

Mapema mwaka 1964, majeshi ya Somalia na Ethiopia nayo yalipambana mpakani. Mapigano yalisitishwa baada ya Sudan kuingilia kati kama mpatanishi. Julai mwaka huo, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) waliokutana Cairo waliamua kuwa mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe. Somalia ilikataa uamuzi huo.

Kenya na Ethiopia, zilizojikuta na mdai mmoja, zilikuwa tayari zimefikia makubaliano ya kusaidiana kijeshi.

Ni katika mazingira hayo ambapo Siad Barre alipandishwa cheo kuwa kamanda wa jeshi mwaka 1965, baada ya kifo cha mtangulizi wake, Jenerali Daud Abdulle Hirsi. Jeshi alilorithi lilikuwa likipata silaha na mafunzo kutoka Muungano wa Kisovieti.

Mwanajeshi aingia ikulu

Mwaka 1967, Waziri Mkuu Mohamed Ibrahim Egal alichagua njia ya mazungumzo. Oktoba mwaka huo alikutana na Rais Jomo Kenyatta mjini Arusha, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi, na vita vya shifta vikafika kikomo.

Hatua hiyo iliwaudhi baadhi ya wanajeshi na wanasiasa waliohisi kuwa pembe za nyota zilikuwa zikiuzwa. Aidha, ufisadi na mvutano wa vyama vingi vya kikoo ulikuwa umewachosha raia.

Oktoba 15, 1969, Rais Abdirashid Ali Shermarke aliuawa kwa kupigwa risasi na mlinzi wake mjini Las Anod. Siku sita baadaye, jeshi lilitwaa mamlaka bila kumwaga damu na Siad Barre akawa mwenyekiti wa Baraza Kuu la Mapinduzi.

Miaka yake ya kwanza ilimpa sifa ambazo hata wapinzani wake hawakuzikana. Mwaka 1972, serikali yake ilimaliza ubishi wa muda mrefu kwa kuamua kwamba lugha ya Kisomali iandikwe kwa herufi za Kilatini. Miaka miwili baadaye, maelfu ya wanafunzi na walimu walitumwa mashambani kuwafundisha wafugaji kusoma na kuandika.

Ukame mkali ulipoikumba nchi mwaka 1974 na 1975, makumi ya maelfu ya wafugaji waliopoteza mifugo walisafirishwa hadi kusini, baadhi yao kwa ndege za Kisovieti, ili waanzishe maisha mapya ya kilimo na uvuvi.

Hata hivyo, mkono wake ulikuwa mzito. Vyama vya siasa vilipigwa marufuku na wapinzani wakafungwa. Januari 1975, masheikh 10 waliopinga sheria mpya ya familia, iliyowapa wanawake haki sawa katika urithi, waliuawa kwa kupigwa risasi.

Nje ya nchi, nyota yake ilizidi kung'aa. Mwaka 1974, Somalia ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, ikatia saini mkataba wa urafiki na Muungano wa Kisovieti, na kuandaa mkutano wa marais wa OAU mjini Mogadishu. Siad Barre akawa mwenyekiti wa umoja ule ule ambao uamuzi wake kuhusu mipaka nchi yake haikuutambua.

Septemba mwaka huo, Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alipinduliwa. Addis Ababa ikaingia katika kipindi cha umwagaji damu, na Februari 1977 Mengistu Haile Mariam akawashinda wapinzani wake ndani ya jeshi.

Machoni pa Siad Barre, jirani aliyekuwa na nguvu kwa karne nzima alikuwa sasa amepiga magoti.

Kiangazi cha 1977

Uvamizi haukuanza kwa vifaru. Ulianza kwa makundi madogo ya wapiganaji wa Chama cha Ukombozi wa Somalia Magharibi (WSLF), ambao walivuka mpaka usiku, wakashambulia vituo vya polisi na barabara, kisha wakatoweka. Silaha na mafunzo yalitoka Mogadishu.

Kadiri miezi ilivyosonga, wanajeshi wa kawaida wa Somalia nao waliingizwa katika makundi hayo wakiwa wamevua alama za vyeo vyao. Serikali ilishikilia kuwa hakuna askari wake aliyevuka mpaka, msimamo ambao haikuuacha hadi Februari 1978.

Rais Fidel Castro wa Cuba alijaribu kuzuia vita. Machi 1977, aliwakutanisha Siad Barre na Mengistu mjini Aden na kupendekeza shirikisho la nchi za kijamaa. Kikao kilivunjika bila mwafaka.

Juni mwaka huo, Kenya nayo iliguswa. Wanajeshi wa Somalia waliokuwa wakielekea mkoa wa Sidamo nchini Ethiopia walipita katika ardhi ya Kenya karibu na Rhamu, wilayani Mandera, na maafisa wa usalama wa Kenya wakauawa. Kwa Nairobi, huo ulikuwa ushahidi kuwa Ethiopia ikianguka, zamu ya Kenya ingefuata.

Mwezi huo huo, Juni 27, Djibouti ilijipatia uhuru na kuamua kubaki taifa la kujitegemea. Pembe moja ya nyota ikawa imejiondoa yenyewe.

Julai 1977, jeshi la Somalia lilivuka mpaka kwa vifaru, mizinga na ndege za kivita. Katika muda wa wiki chache lilikuwa limeteka sehemu kubwa ya Ogaden. Septemba, mji wa Jijiga wenye kambi muhimu ya vifaru ulianguka, na askari wa Ethiopia wakarudi nyuma hadi milimani.

Lakini Dire Dawa na Harar hazikutekwa. Mvua ilifanya barabara zisipitike, na njia za kusafirishia mafuta na risasi zikawa ndefu mno.

Siad Barre alikuwa amekosea hesabu kubwa zaidi. Alidhani kuwa Wasovieti, waliokuwa na kambi yao Berbera, wangevumilia mshirika wao amshambulie mwenzake wa kijamaa. Badala yake walimkatia silaha na kuanza kuijenga Ethiopia.

Novemba 13, 1977, aliwafukuza washauri wa Kisovieti na kukata uhusiano na Cuba, akitarajia kuwa Marekani ingejaza pengo hilo. Washington ilikataa kumpa silaha mradi tu askari wake walikuwa ndani ya nchi nyingine.

Ndege za Kisovieti zikaanza kumimina vifaru na mizinga Ethiopia, na zaidi ya wanajeshi 15,000 wa Cuba wakawasili. Kenya ilisimama na Addis Ababa, na Februari 1978 ikailazimisha ndege ya Misri iliyobeba silaha za Somalia kutua Nairobi.

Machi 5, 1978, Jijiga ilikombolewa. Siku nne baadaye, Siad Barre alitangaza kuwa jeshi lake lingeondoka Ogaden. Pamoja na askari waliorudi walikuja mamia ya maelfu ya raia waliokimbia mapigano, nayo Somalia ikajaa kambi za wakimbizi ambazo haikuwa na uwezo wa kuzilisha.

Mpaka wamgeukia

Mwezi mmoja tu baada ya tangazo hilo, Aprili 9, 1978, kundi la maafisa wa jeshi lilijaribu kumpindua. Jaribio lilizimwa na wahusika kadhaa wakauawa Oktoba mwaka huo. Mmoja aliyeponyoka alikuwa Kanali Abdullahi Yusuf Ahmed, ambaye miaka mingi baadaye, mwaka 2004, alikuja kuchaguliwa rais wa serikali ya mpito ya Somalia akiwa Nairobi.

Abdullahi Yusuf alipata makao Ethiopia na kuunda kundi lililokuja kujulikana kama SSDF. Aprili 1981, Wasomali wa kaskazini waliokuwa ng'ambo waliunda kundi jingine, SNM, mjini London. Nalo likahamia Ethiopia mwaka uliofuata.

Sasa mambo yakawa yamegeuka. Mbinu ambayo Siad Barre aliitumia dhidi ya jirani, ya kuwafadhili waasi wavuke mpaka usiku, ndiyo Mengistu aliyoitumia dhidi yake. Januari 1983, wapiganaji wa SNM walivamia gereza la Mandera lililo karibu na Berbera, wakawafungua wafungwa na kurudi walikotoka.

Kabla ya hapo, katikati ya mwaka 1982, askari wa Ethiopia wakishirikiana na SSDF walikuwa wamevuka mpaka na kuteka miji ya Balanbale na Galdogob. Jenerali aliyeahidi kupanua Somalia alikuwa sasa akipoteza ardhi ya Somalia yenyewe.

Marekani, iliyopewa ruhusa ya kutumia bandari ya Berbera mwaka 1980, ilimtumia silaha za kujihami. Naye, akihitaji marafiki, alianza kuipoza Kenya. Mwaka 1981, alipohudhuria mkutano wa OAU mjini Nairobi, alimhakikishia Rais Daniel arap Moi kuwa Somalia haikuwa na dai lolote kwa ardhi ya Kenya. Mwaka 1984, nchi hizo mbili zilikubaliana kushirikiana katika usalama wa mpakani.

Kauli hizo hazikuwaondolea mzigo wakazi wa kaskazini mwa Kenya. Hofu iliyopandwa na vita vya shifta iliendelea kuwafanya watazamwe kama wageni katika nchi yao. Februari 1984, vikosi vya usalama viliwaua wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Sheria za hali ya hatari zilizowekwa eneo hilo tangu miaka ya sitini hazikufutwa hadi mwaka 1991.

Wahenga walinena kuwa wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika Pembe ya Afrika, walioumia walikuwa hasa watu waliotegemea nyasi hizo.

Mabomu Hargeisa

Mei 1986, Siad Barre alijeruhiwa vibaya katika ajali ya barabarani karibu na Mogadishu na kupelekwa Saudi Arabia kwa matibabu. Alirejea, lakini afya yake haikuwa tena ya zamani, na jamaa zake wakaanza kung'ang'ania urithi wa madaraka.

Aprili 1988, yeye na Mengistu, wote wawili wakiwa wamelemewa na waasi wao, walitia saini mkataba wa amani. Kila mmoja aliahidi kuacha kuwasaidia wapinzani wa mwenzake. Ethiopia ikaondoka Balanbale na Galdogob.

Amani hiyo ndiyo iliyowasha moto mkubwa zaidi. SNM, ikijua kuwa ingefukuzwa Ethiopia, iliamua kuvuka mpaka na nguvu zake zote. Mwishoni mwa Mei 1988, iliingia Burao na kisha Hargeisa, mji mkuu wa kaskazini.

Siad Barre alijibu kwa kuupiga mji wa raia wake mwenyewe. Mizinga ilifyatuliwa mitaani, na ndege za kivita zikawa zinapaa kutoka uwanja wa ndege wa Hargeisa na kuiangushia mabomu Hargeisa hiyo hiyo. Makumi ya maelfu ya watu waliuawa na sehemu kubwa ya mji ikawa kifusi.

Walionusurika walikimbilia Ethiopia, nchi waliyokuwa wamefundishwa tangu shuleni kuwa ndiyo adui. Mamia ya maelfu walipiga kambi katika malisho ya Haud, ambayo jeshi lao lilikuwa limeyapigania miaka 11 iliyotangulia.

Tangu hapo utawala wake ulibomoka. Jeshi liligawanyika kikoo, makundi mengine ya waasi yakazuka kati na kusini mwa nchi, na misaada ya Marekani ikakauka. Usiku wa Januari 26, 1991, Siad Barre alitoroka Mogadishu huku waasi wakiingia.

Miezi minne baadaye, Mengistu naye aliikimbia Addis Ababa na kupitia Nairobi akielekea Zimbabwe. Maadui hao wawili walikuwa wameanguka katika mwaka mmoja.

Safari ya mwisho

Siad Barre alijificha katika eneo la Gedo, nyumbani kwa ukoo wa baba yake, na kujaribu mara kadhaa kurejea Mogadishu kwa nguvu. Vita kati ya watu wake na wale wa Jenerali Mohamed Farrah Aidid viliharibu mashamba yaliyo kati ya mito ya Juba na Shabelle, na kuchangia njaa iliyoua watu wengi mwaka 1992.

Aliposhindwa Aprili mwaka huo, njia pekee iliyobaki ilikuwa ya Kenya. Wakati huo maelfu kwa maelfu ya Wasomali waliokimbia vita alivyoviacha walikuwa tayari wamefika Dadaab na Mandera. Yeye alipelekwa Nairobi, jiji alilolijua tangu ujana wake wa polisi.

Kukaa kwake kulizua malalamiko, na Mei akahamia Nigeria. Alifariki jijini Lagos Januari 2, 1995. Mwili wake ulirejeshwa na kuzikwa Garbaharey, mji aliojiandikisha kuwa mzaliwa wake ili apate kazi.

Aliacha nyota ikiwa imepungua kuliko alivyoikuta. Djibouti ilibaki nchi huru, Ogaden ikabaki Ethiopia, na iliyokuwa NFD ikabaki Kenya. Mnamo Mei 18, 1991, eneo la kaskazini lililowahi kutawaliwa na Uingereza lilitangaza kujitenga kwa jina la Somaliland, kufuata mstari ule ule uliochorwa na wakoloni.

Hivyo, hata zile pembe mbili zilizounganishwa mwaka 1960 bila risasi kufyatuliwa, ziliachana mikononi mwa mtu aliyekuwa amezifyatua nyingi akitafuta tatu zilizobaki.